Maswali na majibu: modi za Doom

Tangu niandike kuhusu Doom, gemu la risasi la Kimarekani la 1993, na modi zake, yaani ramani na mabadiliko mengine ambayo mashabiki wanalitengenezea hadi leo, maswali hayajakatika. Nayajibu sita.

Kompyuta yangu ni ya zamani, RAM yake GB 2. Nitaweza kucheza? (Tanga)

Bila shida. Doom ilitengenezwa kwa kompyuta zenye RAM ya MB 4. Pakua Chocolate Doom, programu ya kuichezea inayofuata gemu la asili kwa uaminifu mkubwa. Modi nzito kama Brutal Doom ziache kwanza.

WAD ni nini hasa? Na kwa nini Doom ina modi nyingi hivyo? (Nakuru)

Jibu la swali la kwanza ndilo linalojibu la pili. WAD ni faili linalobeba ramani, picha za kuta, sauti na muziki. Injini, yaani programu inayoliendesha gemu, iko kwenye faili jingine. John Carmack wa id Software, kampuni iliyoitengeneza Doom, aliyatenganisha kwa makusudi, ili shabiki aweze kuleta WAD yake ikapakiwa juu ya ile ya asili bila kuiharibu. Ukiichoka unaifuta, na gemu lako liko palepale. Wolfenstein 3D, gemu lao lililotangulia, halikuwa hivyo: waliolibadilisha waliandika juu ya mafaili yenyewe.

Matunda yalionekana mapema. Mwaka 1994 tu ilitoka Aliens TC, iliyobadilisha maadui, silaha na sauti mpaka ukaona ni gemu jingine kabisa. Desemba 1997 id ikatoa hata msimbo wa injini, na ndiyo maana Doom leo inachezeka kwenye Linux na kwenye simu. Nauheshimu sana uamuzi huo. Ingekuwa rahisi kwao kufunga mlango.

Nina Doom ya bure, ile ya sehemu ya kwanza tu. Nikiweka modi inakataa. Nimekosea wapi? (Dodoma)

Hujakosea. Toleo hilo la kuonja limewekewa kizuizi: haliruhusu WAD za nje mpaka uwe na gemu kamili. Ukiweza, nunua. Usipoweza, chukua Freedoom, ambayo picha, sauti na ramani zake zimetengenezwa upya na watu wa kujitolea. Ni bure, ni halali, na modi nyingi zinaikubali.

Banda la gemu mtaani kwetu linauza diski za mpira za PlayStation 2 zenye wachezaji wa msimu huu. Hiyo si modi? (Mombasa)

Ni modi, na aliyekaa usiku kucha kuandika majina na kuchora jezi amefanya kazi ya kupongezwa. Tatizo ni kilichobaki kwenye diski: gemu zima la mtu, limenakiliwa na kuuzwa. Wanaobadilisha magemu ya zamani ya kaseti wana desturi nzuri zaidi. Wanagawa kiraka peke yake, faili dogo lenye mabadiliko tu, na kila mchezaji analibandika kwenye nakala yake.

Hata kutoa bure si kinga. AM2R, yaani Metroid II, gemu la Nintendo, iliyoundwa upya na shabiki, ilitoka Agosti 2016. Baada ya siku chache viungo vya kuipakua vikaondolewa, Nintendo ikidai haki zake. Iliniuma, na bado inaniuma.

Baba anasema napoteza muda. Yupo aliyefika mbali kwa modi? (Arusha)

Wapo. Ms. Pac-Man ya 1982 ilianza kama kifaa cha kuibadilisha Pac-Man, kazi ya vijana wa General Computer Corporation, wakaiuza kwa Midway. Counter-Strike ilikuwa modi ya Half-Life iliyotengenezwa na Minh Le na Jess Cliffe, kisha Valve, kampuni yenye Half-Life, ikaichukua. Ila usimwahidi mzee mshahara, maana wengi hawalipwi kitu. Mwonyeshe kazi yako, na mwonyeshe pia kwamba masomo hayajadorora.

Nataka kuchora nyumba ya bibi Mji Mkongwe, ghorofa tatu. Nitumie programu gani? (Unguja)

Ultimate Doom Builder, nayo ni bure. Lakini injini ya asili haijui kuweka chumba juu ya chumba. Ramani inachorwa kama unavyoiona kutoka juu, na kila eneo lina sakafu moja na dari moja. Ghorofa tatu zitakukatisha tamaa mapema.

Anza na nyumba ya Kiswahili ya chini: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Giza la ukumbini, kisha mwanga wa uani ghafla. Doom inapendeza sana kwa michoro ya namna hiyo. Baraza usiliinue zaidi ya vipimo 24, kwani hapo ndipo mwisho wa hatua ya mchezaji, na gemu la asili halina kuruka. Ukimaliza nitumie. Nitaingia kwa mlango wa mbele.