Soma maji kwanza, ndege baadaye

Safari yangu ya kwanza ya kuongoza wageni wapenda ndege kule Rufiji niliiharibu mwenyewe. Ilikuwa Aprili. Wageni walikuwa wawili, na walichokuja kukitafuta kilikuwa kimoja: yule ndege mweusi juu, mweupe chini, ambaye nusu ya chini ya mdomo wake mwekundu ni ndefu kuliko ya juu, na akiruka huichovya majini akaupasua uso wa mto kama fundi anavyopitisha mkasi kwenye kitambaa. Niliwahakikishia watamwona. Kitabu kilisema yupo Rufiji, basi. Kambi nyingi zilikuwa zimefungwa msimu ule na hata hilo halikunishtua.

Nahodha, mzee wa makamo ya baba yangu, alinisikiliza hadi nikamaliza. Akayatazama maji yaliyokuwa yakipita na magogo, rangi ya chai ya maziwa. "Mwanangu, hao wanakaa kwenye mafungu ya mchanga. Mafungu yako chini ya maji. Sasa unataka wakae wapi?"

Ninyi mnaoanza kazi hii, au mnaokwenda kwa mapenzi tu na darubini ya kuazima, nawaombeni mlibebe swali hilo la mzee. Kwenye mbuga kavu unaweza kumtafuta ndege kwa kujua mti anaoupenda. Mtoni na mabwawani makazi yenyewe yanahama. Mahali palipojaa korongo mwezi wa nane, mwezi wa nne boti inapita juu yake.

Rufiji unapokea maji ya Kilombero na Luwegu, na pia ya Ruaha Mkuu, kwa hiyo mvua iliyonyesha mbali sana, ambayo hukuiona wala kuisikia, ndiyo inayoamua utaona nini ukifika lango la Mtemere. Masika mto hupanda na kumwagika hadi kwenye maziwa ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kama Tagalala na Manze. Kuanzia Juni maji hushuka. Mafungu ya mchanga yanachomoza, na yule mpasua maji wangu anataga hapo hapo, juu ya mchanga mtupu. Kingo zinabaki wazi, na keremkerem, wale ndege wala nyuki, wanazitoboa matundu ya viota hadi ukingo unafanana na chujio. Samaki na konokono wanabanwa kwenye vidimbwi, na hapo ndipo korongo wanapokusanyika. Mtafute yule ambaye mdomo wake haufumbi katikati, una mwanya unaopenyeza mwanga. Huyo ni mla konokono. Ukimwona na wenzake wengi mahali pamoja, ujue maji ya hapo yanakauka, na kesho hapo hapo panaweza kuwa na wengi zaidi.

Septemba na Oktoba wanaanza kufika ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia, vitwitwi na wenzao wanaopekua tope, na wengi huondoka Machi na Aprili. Nami ndiyo kwanza nilikuwa nafika na darubini!

Jambo moja zaidi kuhusu maji. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na tangu hapo sehemu ya mto iliyo chini ya bwawa haiendi kwa kalenda ya mvua peke yake. Hata mimi siku hizi sitegemei kumbukumbu zangu za zamani. Napiga simu kwa nahodha wiki moja kabla, na swali langu la kwanza ni kama mchanga umetoka. Ndege namuulizia baadaye.

Na mchanga ukiwa umetoka, msishuke juu yake. Wageni watawabembeleza, maana picha ni nzuri ukiwa chini. Mayai yana rangi ya mchanga wenyewe, unaweza kuyakanyaga huku unayatafuta. Na mama akiruka kwa kuwaogopa, jua la saa sita linayachoma yakiwa wazi. Mwambieni nahodha apite mbali na polepole, kwa sababu hata wimbi la boti linaweza kulamba fungu lililo chini.

Darubini. Nilinunua ya kukuza mara 10 nikiamini kubwa ndiyo bora. Ndani ya boti kila mtetemo wa injini nao unakuzwa mara 10, na nilichokuwa naona ni rangi zinazocheza. Chukueni ya 8x42. Hiyo 8 ni ukuzaji, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, inayosaidia alfajiri mwanga ukiwa hafifu. Kaeni, viwiko juu ya magoti, na mwombeni nahodha azime injini. Akikataa, msimbishie. Huenda ameona kiboko ambaye ninyi hamjamwona.

Mnandi na mbizi watawasumbua, wote weusi na wote wanaanika mbawa juu ya magogo. Tazameni mdomo: wa mnandi una ndoana kwenye ncha, wa mbizi umenyooka kama mkuki. Mbizi akiogelea, mara nyingi kiwiliwili kinazama na shingo pekee inabaki juu, na wageni wataruka wakidhani ni nyoka. Mvuvi hahangaiki na midomo. Anawatofautisha kwa mwendo kabla hamjafika karibu, na mimi kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimwiga. Kwa hiyo msimcheke akiita nusu ya ndege warefu korongo. Muulizeni anakula nini, analala wapi, na huonekana maji yakiwaje.

Kilombero ni habari nyingine. Bonde lile liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2002, na karibu na Ifakara, kwenye matete ya pale palipokuwa na kivuko kabla ya daraja, yupo kwera wa Kilombero, ndege mfumaji wa viota. Alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1990 tu, na duniani hapatikani nje ya bonde hilo. Wapo pia vijidege viwili vya kahawia vya kwenye majani marefu, vilivyojulikana tangu miaka ya 1980 lakini vikapata majina rasmi ya kisayansi mwaka 2021. Ndege anaweza kuishi mita chache kutoka njia ya watu wanaokwenda sokoni na asiwe na jina. Mkifika huko nendeni alfajiri, mkodishe mtumbwi wa pondo, bei mkubaliane kabla ya kupanda. Dume la kwera ni njano na uso mweusi. Majike achaneni nayo mwaka wa kwanza, yatawakatisha tamaa bure.

Mtaona pia kwamba matete yanaishia ghafla na mpunga unaanza. Msiwahutubie wakulima. Andikeni tu: tarehe, mahali, idadi, na matete yameishia wapi. Andikeni kwa penseli. Daftari langu la kwanza liliandikwa kwa kalamu ya wino, likaanguka majini siku ile ile ya Aprili, na kilichobaki humo ni kurasa za buluu na neno moja linalosomeka, "kwazi", yule tai mla samaki, ambaye alikuwa juu ya mvumo akipiga kelele, na ambaye hata asiye na darubini angemwona.