Mgonjwa wa kiharusi karudi nyumbani: wageni wapeni kazi

Pole sana mkuu. Nimesoma ulichoandika: mzee kapata kiharusi, mkono na mguu wa kulia havinyanyuki, ana mpira wa mkojo, na daktari kasema keshokutwa mnaruhusiwa. Unauliza nani atamhudumia wakati hamna uwezo wa kulipa nesi, na kama hawa wahudumu wa afya wa mtaani wana msaada wowote au ni wa kugawa vyandarua tu. Mama yangu alipata ugonjwa huohuo na tulimuuguza nyumbani hapa Morogoro, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Madaktari wa humu wataniweka sawa pakiwa na kasoro.

Watu hutakosa. Wiki ya kwanza sebule itajaa: majirani, watu wa jumuiya, aliofanya nao kazi zamani, kila mmoja na juisi yake na "Mungu atatenda". Ila ikifika saa nane usiku na mgonjwa anatakiwa kugeuzwa, mtajikuta ni wewe na mama. Mwezi wa pili hata wa juisi watakuwa wamepungua, na siwalaumu, kila mtu ana mihangaiko yake. Mgeni akiuliza "tuwasaidieje?" ukamjibu "tuombeeni tu", ujue ndiyo basi tena, ataenda kukuombea kwake. Mpe kazi yenye siku na saa. Jirani yetu wa bajaji tulimwambia wazi: Jumanne na Ijumaa asubuhi kumpeleka mama fiziotherapia (mazoezi ya viungo), mafuta juu yetu. Alikubali palepale, na nadhani alifurahi kuambiwa kitu cha kufanya badala ya kukaa kwenye kochi akitazama dari. Mama mmoja wa jumuiya akabeba mashuka ya kufua. Kijana wa nyumba ya pili, mwenye nguvu zake, akawa anakuja jioni kusaidia kumtoa mama kitandani kumweka kwenye kiti. Shangazi akashika kuogesha, maana mimi ni mtoto wa kiume na mama asingekubali. Kwako ligeuze hilo: mzee hatataka kuogeshwa na binti zake, wakwe ndiyo kabisa. Tafuta kaka yako, binamu au mjomba mapema, kabla aibu haijamfanya agome kuoga.

Sasa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Serikali ilizindua mpango wao Januari 2024, lengo likiwa wahudumu 137,294 nchi nzima, yaani wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Mpango ni wa miaka mitano, kwa hiyo inawezekana kwenu bado hawajapangiwa mtu. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au zahanati iliyo karibu uulize jina la anayehusika na eneo lenu, usisubiri aje mwenyewe, hajui kama una mgonjwa. Na usimtarajie awe nesi. Hachomi sindano, hatundiki dripu. Anapita nyumbani, anaangalia mgonjwa anaendeleaje, anakumbusha dawa, anafundisha wanaouguza, na akiona hali si nzuri anaandika rufaa ya kwenda zahanati au kituo cha afya. Ukimwelewa hivyo hutamdharau.

Aliyekuja kwetu ni mama mtu mzima aliyeanza kazi hiyo enzi za kuuguza wagonjwa wa UKIMWI majumbani, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea. Hawa wa zamani ni hazina, wameshageuza wagonjwa wengi kuliko manesi wengine. Siku ya kwanza hakugusa mashine ya presha. Aliomba mama ageuzwe ubavu, akafunua shuka, akapitisha nyuma ya kiganja pale mwisho wa uti wa mgongo, kisha kwenye nyonga, kisha visigino. Kisigino cha upande uliopooza akakishika muda mrefu. Akaniita: "Shika hapa, halafu shika cha pili." Kweli, kilikuwa na joto na kigumu kidogo kuliko mwenzake. Kwa macho sikuona kitu. Akanieleza kwamba ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo kidonda cha kulalia unakitafuta kwa mkono: joto, ugumu, au weusi uliozidi. Ukisubiri hadi uone ngozi imechubuka, chini yake kunaweza kuwa kumeshaharibika.

Dawa yake ikawa mto chini ya shavu la mguu, siyo chini ya kisigino, ili kisigino kielee kisiguse godoro. Pale penye joto akakataza kusugua na kuchua, kwa sababu nyama imeshaumia na kusugua kunaongeza. Akakataza na ile pete ya mpira wa tairi ambayo ndugu yetu mmoja alikuwa ameinunua kwa nia njema; inabana damu kuzunguka sehemu unayotaka kuiokoa. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, shuka likiwa limenyooka na kavu. Bandikeni karatasi ukutani, anayegeuza aandike saa na ubavu, la sivyo kila mmoja atadhani mwenzake kageuza. Usiku gawaneni zamu, mtu mmoja asibebe usiku mzima kila siku. Dada yangu alitaka kuibeba peke yake kwa sababu ndiye hajaolewa, na ndani ya muda mfupi tukawa tunaelekea kuwa na wagonjwa wawili.

Kabla ya kutoka wodini kuna mambo usiyaache. Sisi tuliruhusiwa Ijumaa jioni, tukapewa mfuko wa dawa na karatasi yenye vifupisho ambavyo hata mfamasia wa mtaani alivikodolea macho. Hospitali siitaji, na nadhani siyo wao peke yao. Usiondoke hivyo. Mwombe nesi mfanye kwa mikono yenu mbele yake: kumgeuza, kumtoa kitandani kumpeleka kwenye kiti, kumlisha. Kila dawa iulize ni ya nini, saa ngapi, na ni ya kumaliza au ya maisha. Uliza tarehe ya kliniki na ya fiziotherapia, isiwe "mtarudi mkiona vipi". Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo mwili hurudisha mengi. Baadaye huendelea kurudisha ila taratibu, kwa hiyo mazoezi yasingoje mzee "apate nguvu kwanza".

Kubwa kuliko yote, uliza kama wamempima kumeza. Kiharusi kinaweza kulegeza koo, chakula au maji yakapita njia ya hewa, na nimonia ikafuata. Msimlishe amelala, hata kama ni vijiko viwili vya uji. Akae wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, na chakula kiwekwe upande wa mdomo ulio mzima. Maji matupu ndiyo huwasumbua wengi, uji mzito hupita vizuri zaidi, lakini uzito gani unamfaa mzee ni wao wakwambie. Akikohoa wakati wa kula, au sauti ikawa kama ina maji ndani, simamisheni. Akimaliza, angalieni shavu la upande mbovu, chakula hujificha huko, kisha abaki amekaa kama nusu saa. Mama mkwe wangu aliona tunamtesa mgonjwa kwa kumkalisha. Mwacheni aone hivyo.

Mkono uliopooza una adui mmoja asiyejulikana: mgeni mwenye upendo. Anaingia, anaushika, anauvuta, "jitahidi mzee wangu, nyanyua!" Bega la upande ule halina misuli ya kulishikilia, likivutwa linaweza kuteguka, na maumivu yake yatamkatisha tamaa ya mazoezi yote. Wasalimie mkono wa kushoto. Akiwa amekaa, mkono wa kulia uwe juu ya mto. Kumnyanyua kwa kumshika kwapani pia hapana. Kumvalisha shati anzeni na mkono mbovu, kuvua anzeni na mzima. Na wanaokuja na chupa za maji ya moto kumkanda, wachungeni: upande ule huenda hauhisi joto sawasawa, ataungua bila kupiga kelele.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kiti mwendo mlangoni hakipiti. Fundi wa kuchomelea wa hapa mtaani alichukua kiti cha plastiki kigumu cha kuegemea mikono, akakata tundu katikati, akalainisha kingo kwa moto, akakifungia kwenye fremu ya chuma yenye miguu minne isiyoteleza inayokaa juu ya tundu la choo. Ukutani akaweka bomba la kushika, upande wa mkono mzima, siyo mbovu (hili mweleze mwenyewe, fundi ataweka popote panapomrahisishia). Siku mama alipokaa pale mwenyewe, mlango umerudishwa, ndipo nilipoona uso wake wa zamani. Kwa gharama ile sijawahi kununua kitu bora zaidi.

Kuhusu dawa: presha ikisomeka nzuri msiache vidonge. Imesomeka nzuri kwa sababu anameza vidonge. Utaambiwa ni upepo mbaya, utaletewa mafuta na mizizi, na kuna atakayeapa kwamba jirani yake alipona kwa chupa moja. Sala sisi tuliipokea kwa mikono miwili, ila kitu cha kunywa ambacho hatukijui kiliishia mlangoni, kwa heshima na asante.

Usishangae mzee akilia ghafla kwa jambo dogo, au akacheka pasipochekesha. Ubongo ulioumia hufanya hivyo, siyo utoto. Ila akiwa amenyamaza siku nzima, hataki kula, hataki mazoezi, mwambie daktari siku ya kliniki, maana sonona baada ya kiharusi ni kawaida na ina tiba. Msimzungumzie juu ya kichwa chake kama hayupo. Maneno yakimpotea haina maana kwamba akili imepotea. Mwulize maswali ya kujibu kwa kutikisa kichwa, mpe muda.

Uso ukipinda upya, mkono au mguu mwingine ukilegea, maneno yakivurugika ghafla, ni hospitali saa hiyohiyo, siyo kusubiri mhudumu wala asubuhi. Vivyo hivyo akipumua kwa shida, akipata homa, au mguu mmoja ukivimba na kuuma.

Mwisho, ule mpira wa mkojo. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, hata mnapomhamisha, lakini usilale sakafuni. Nawa mikono kabla na baada ya kuugusa, mwaga mfuko kabla haujajaa, na mwoshe kwa maji na sabuni pale mpira unapoingilia kila siku. Uliza leo unatolewa au kubadilishwa lini, iandikwe kwenye karatasi, kwa sababu kadiri unavyokaa ndivyo maambukizi yanavyosogea. Mkojo ukiacha kutoka na tumbo la chini likajaa, angalieni kwanza kama mpira umejikunja au amelalia. Kama sivyo, mpelekeni kituoni. Asitokee mtu wa kuuvuta, ndani kuna kiputo kilichojazwa maji, na ukivutwa hivyo utamchana.