Bei za Dar zitafika Morogoro?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwenye nyumba wa Tabata amepandisha kodi tena na anataka ya miezi sita, nawe unauliza kama ununue kiwanja huku Morogoro kabla bei za Dar hazijafika kwa treni ya SGR.

Bei ya kiwanja haisambai kwa kilomita. Itazame Kigamboni. Ukiwa Kivukoni unaiona ng'ambo ile pale, pantoni inavuka kwa dakika chache, lakini kwa miaka mingi watu waliona heri wakajenge Mbezi au Kibamba, mbali zaidi, kuliko kukesha kwenye foleni ya pantoni. Daraja la Nyerere likafunguliwa Aprili 2016, na ukaribu ule ukaanza kuwa na thamani. Na madalali hawangoji daraja liishe. Nguzo zikianza tu kusimama, bei imeshabadilika.

Wanaoibeba bei ni watu walioshindwa na gharama walikokuwa. Aliyeshindwa Sinza anakwenda Kimara, wa Kimara anasogea Kibamba, wa Kibamba anavuka hadi Kibaha. Kila anayefika bado ana bei ya alikotoka kichwani, kwa hiyo huko alikofika anaona rahisi na habishani sana. Mwenyeji mwenye shamba anafurahi. Mpangaji wa pale ndiye anayeumia, maana kodi inapanda na mshahara wake ni uleule. Hilo linanisikitisha kuliko yote.

Sasa, wote hao kila asubuhi wanarudi mjini kazini. Je, wa Morogoro ataweza? Treni inatumia chini ya saa mbili, ni kweli. Lakini nauli ya kawaida ilipoanza 2024 ilikuwa Sh 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000. Siku 22 za kazi ni Sh 572,000, hujapanda daladala. Hiyo inaizidi mbali kodi unayoilalamikia. Kwa hiyo sioni watu wa Dar wakihamia huku kwa wingi ule wa Kibaha.

Usiniletee mfano wa Dodoma. Kule bei haikusogea mtaa kwa mtaa kutoka Dar. Serikali iliamua 2016 kuhamia kweli, watumishi wakaenda kuishi hukohuko, wakahitaji nyumba hukohuko.

Ukitaka kiwanja huku ili ujenge uishi, nunua, ila kiwe kimepimwa. Ukinunua ili treni ikupandishie bei, mimi nakukataza. Tena usimsikilize dalali anayekutajia bei anayoitaka yeye. Tafuta walichopeana waliokwisha kuuziana. Mjomba wako anafahamiana na mwenyekiti wa mtaa kule Kihonda. Nitamtuma aulize viwanja vya mwaka huu vimeuzwa kiasi gani hasa, kisha nikupigie Jumapili.

Ni mimi,
Baba yako