Maswali ya Wasomaji: Kamera Begani Kariakoo

SWALI: Ndugu mwandishi, nimenunua kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 35 kwa nia ya kupiga picha za maisha ya kila siku jijini. Nikiinua kamera Kariakoo, wauzaji hufunika nyuso, wengine hudai pesa, na wiki iliyopita kijana mmoja alinishika shati akitaka nifute picha yake. Rafiki yangu ananishauri ninunue lenzi ndefu ili nipige nikiwa mbali bila kuonekana. Je, nimsikilize?
Msomaji, Temeke

JIBU: Nakuomba usiinunue. Lenzi ndefu itakupa uso na kukunyima mahali: muuza mitumba atatokea peke yake mbele ya ukungu wa rangi, ilhali kinachomweleza ni rundo la mashati, mteja anayebishania bei na mkokoteni unaotafuta njia nyuma yake. Tena, wafanyabiashara wa Kariakoo huishi kwa kusoma macho ya wateja, hivyo anayenyatia watamtambua kabla hajabonyeza.

Huyo kijana alikuwa na haki ya kuuliza. Mtu akikutaka ufute, futa mbele yake, kisha mweleze unachofanya.

Dawa ni kurudi. Chagua kona moja na uiendee kila wiki, na siku za mwanzo kamera ibaki begani huku ukinywa chai kwa mama lishe na kusalimiana na watu. Mimi nilipoanza kwenye soko la samaki la Feri (ambako, kwa kuwa ni jirani na Ikulu, ni lazima ujue upande ambao hupaswi kuuelekezea kamera), mkaanga samaki mmoja aliniuliza, "Mwanangu, picha zetu huwa unazipeleka wapi?" Sikuwa na jibu, na aibu ile ninayo hadi leo. Nilisafisha picha kumi na mbili, nikampelekea yeye na wenzake, na tangu siku hiyo nilipigiwa kelele pale tu nilipochelewa kufika. Kwa hiyo usilipe pesa ili upige, kwa sababu anayelipwa huanza kukuigizia. Peleka picha ya karatasi.

Ukaribu huo ndio fundisho la mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia hapa Dar es Salaam, akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, jijini humu mwaka 1963. Mwaka 1984 picha za filamu alizopiga Korem, Ethiopia, ziliifanya dunia iione njaa iliyoikumba nchi hiyo, naye alizipiga akiwa kambini miongoni mwa wenye njaa.

Kuhusu ufundi, lenzi yako inatosha kabisa. Ikiwa sensa ya kamera yako (sehemu inayonasa picha) ina ukubwa wa filamu ya milimita 35, weka uwazi wa lenzi, yaani tundu la kupitisha mwanga, kwenye f/8 na fokasi, yaani umbali ambao picha hutoka kali, kwenye mita 3. Kila kilicho kati ya takribani mita 2 na mita 7 kitaonekana vizuri, nawe hutahangaika na fokasi wakati tukio linapita. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, maana wapagazi hawatembei polepole. Jihadhari na mwanga wa mchana: jiji letu liko karibu na ikweta, jua la saa sita husimama utosini na kuyazamisha macho kivulini. Fika saa moja asubuhi, wakati jua linapenya kati ya maghorofa kwa vipande vyembamba, usimame kando ya kipande kimoja na kusubiri mtu aingie.

SWALI: Je, ni lazima picha za mtaani ziwe za rangi nyeusi na nyeupe?
Msomaji, Ilala

JIBU: Si lazima, na kwa Dar es Salaam mimi huona ni hasara. Misitari ya rangi ubavuni mwa daladala humwambia mkazi njia ya gari hilo, na kanga ikipoteza rangi hubaki na maandishi yake tu.