Barua kwa Shani: mchele, maji na lile lori

Mwanangu Shani,

Umeniuliza uweke ndani kilo ngapi za mchele na maharage, kwa kuwa uliona Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyotuletea mvua, barabara ikakatika Somanga na sisi wa Lindi tukabaki upande wetu. Kwanza niambie: bomba likikauka hapo Dar, maji utachota wapi, na nani atayapandisha hadi ghorofa ya tatu? Chakula kisichofika chunguni si chakula. Najua umechoka kunisikia.

Lakini mvua za El Niño, mwanzoni mwa 1998, ulikuwa mgongoni mwangu, hukumbuki. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa 2003; Rufiji tulivuka kwa pantoni pale Ndundu, halafu tope. Basi likazama hatujafika Nangurukuru. Nyuma yetu lori la unga, limejaa pomoni, turubai limekazwa kamba. Watoto wanalia njaa, na unga ule pale tunauona! Dereva akagoma: mali ya tajiri, ukipungua ananidai mimi. Wanaume wakamzonga mpaka akatoa mfuko mmoja. Basi tukatazamana. Sufuria hakuna, viberiti vimelowa, kuni zinachuruzika, maji ni ya dimbwi. Mfuko ukakaa tu.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa kijiji cha jirani. Alikuja na chungu, dumu la maji ya kisima na kuni alizokuwa akizikausha darini, juu ya moto wake. Uji hauna sukari wala chumvi, nawe ukanywa ukalala. Mwanangu, nikimkumbuka yule mama nacheka peke yangu kwa furaha.

Yule dereva, baba yako humtetea mpaka leo. Mimi nilimchukia. Tena nikifikiri, tungeumaliza unga ule, nani angemlipia? Na huku Lindi walikokuwa wakiusubiri, hawakuwa na watoto? Lakini mtoto analia mbele yako... Haya, nisimhukumu. Ila kamba zile alizikaza mno.

Kwa hiyo maji kwanza: ya kunywa tu, hesabu lita 3 kwa mtu kwa siku, kwenye madumu yenye vifuniko, na dawa ya klorini pembeni. Kibiriti kitie kwenye chupa kavu. Mchele sawa, lakini maharage makavu yanakula mkaa na maji. Nunua choroko, zinaiva upesi. Pika za zamani kwanza, mpya zikae nyuma. Na jiko la mkaa usiliwashe chumba kikiwa kimefungwa, hewa yake ya sumu inaua, hata moshi usipouona. Chakula kisichofika chunguni si chakula, nimeshasema.

Mjomba wako anapanda basi Jumamosi. Kama jiko la mkaa huna, niambie kabla ya hapo nimpe akuletee, pamoja na choroko za shambani.

Mama yako