Usivuke usiku kwenda Ssese, hata ukiambiwa ziwa limelala

Ndugu yangu, ahirisha hiyo safari ya Ijumaa jioni. Umeandika kwamba unakwenda visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda: utatoka Kampala baada ya kazi, upande mashua katika mwalo wa Kasenyi, karibu na Entebbe, giza likiingia, ulale kisiwa cha Bukasa, upite visiwa vya Banda na Bugala, na Jumatatu uwe uwanja wa ndege wa Entebbe. Tena wakala wako wa safari amekuhakikishia kwamba usiku ziwa hulala. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi na mtu aliyezipokea pesa zangu akiwa ofisini, na ambaye hakupanda mashua pamoja nasi.

Ukweli ni kinyume chake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani na mvua za radi hunyesha zaidi kandokando. Usiku nchi kavu hupoa ilhali maji yanabaki na joto lake, pepo kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda, na dhoruba huzaliwa huko huko katikati, nyingine zikiendelea hadi asubuhi. Wavuvi wanalijua jambo hili tangu utotoni. Mtu anayeuza safari za visiwani hana udhuru wa kutolijua.

Mashua za Kasenyi ni za mbao, zenye injini moja nyuma, nazo huondoka zikijaa. Katika safari yangu, wachukuzi walitubeba mabegani hadi kwenye mashua, tukaketi humo tukingoja makreti ya soda na magunia ya unga yapakiwe, na tulipong'oa nanga jua lilikuwa limekwisha kuzama. Upepo ulitukuta mahali ambapo hatukuona taa ya kisiwa chochote. Nahodha alipunguza mwendo na kuielekeza pua kwenye mawimbi, nasi tukawa tunakumba maji kwa jerikani lililokatwa juu, huku mama mmoja akijifunga mtoto wake kifuani kwa leso. Jaketi za kuokolea maisha zilikuwemo, ila zilikuwa chini ya magunia, na hakuna aliyeweza kuzifikia. Tulitia nanga kwenye kisiwa ambacho hakikuwa chetu, mashua ya kuendelea ikatupita, na vyumba tulivyokwisha kuvilipia vikapotea. Wakala wangu alikataa kurudisha hata shilingi moja, akasema hali ya hewa ni kazi ya Mungu. Hali ya hewa ni kazi ya Mungu, lakini saa ya kuondoka aliipanga yeye, na jambo hilo linanikera hadi leo.

Wengine hawakufika popote. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama jioni karibu na Mutima, wilayani Mukono, ikaua watu zaidi ya 30. Agosti 2023 mashua iliyosheheni makaa, vyakula na mukene, yaani dagaa, ilizama alfajiri ikitoka Kalangala kuelekea Kasenyi, na watu 20 wakafa. Tazama saa zenyewe.

Kwa hiyo vuka mchana tu, jua likiwa juu na anga likiwa jeupe. Mashua ikichelewa kujaa hadi huoni namna ya kufika kabla ya magharibi, shuka ulale nchi kavu, hata kama nauli imeliwa. Ukitaka njia iliyo salama zaidi, panda meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka kisiwani Bugala, mwendo wa saa tatu na nusu hivi, au pitia Masaka uvuke kwa kivuko cha Bukakata hadi Luku, nako ni Bugala, ambacho hakitozi nauli. Ukishafika Bugala, tafuta mashua ya kwenda visiwa vingine baada ya kukucha, uvae jaketi yako ufukweni kabla ya kupanda, na ukihisi muda haukutoshi, ondoa Banda au Bukasa. Usiku wa kuamkia siku ya ndege uwe tayari Entebbe.

Mpigie huyo wakala leo, umtake aiandike upya saa ya kuondoka kwenye risiti. Akikataa, dai pesa zako sasa, kabla hujafika Kasenyi.