Uliza Ujibiwe: Kijana atahiriwe nyumbani kwa babu au hospitalini?

*Majibu ya muuguzi mstaafu, Bungoma*

SWALI: Shikamoo mzee. Nimeolewa kwa Babukusu, Waluhya wa huko Bungoma, lakini tunaishi Kayole, Nairobi. Mwanetu ana miaka 13. Mume wangu na ndugu zake wameshapanga: Agosti atasimama mbele ya ngariba kama baba yake alivyosimama. Kwetu ni Machakos. Kaka zangu walipelekwa hospitali asubuhi, jioni wakarudi, hapakuwa na kengele wala ngoma. Naogopa kisu. Tena naogopa kusema, maana nitaambiwa haya ni mambo ya wanaume. Kuna ubaya gani akienda hospitali? – *Mama Kijana, Kayole*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usinyamaze, mtoto ni wako pia. Mimi nimeuguza wagonjwa katika kaunti hii mpaka nikastaafu, na kabla ya hapo nilisimama alfajiri nikiwa nimepakwa tope la mtoni, miongoni mwa vijana wa rika la Chuma. Uani napajua, wodini napajua.

Ushauri wangu ni huu: kisu kishikwe na mhudumu wa afya, na mengine yote yafanyike kwa babu. Hayo mengine ndiyo mengi, na nadhani kwa kuwa hukukulia huku hujaonyeshwa kwamba yamo yanayokuhusu wewe hasa.

Mwaka wa tohara huku ni mwaka wa shufwa. Kijana mwenyewe ndiye anayeomba, kisha anavaa kengele na kuzunguka kwa jamaa, wa karibu na wa mbali, akiwaalika. Kuna mtu mmoja ambaye hawezi kumruka: mjomba, ndugu wa mama. Mjomba huchinja ng'ombe na kumvika kijana shingoni kipande cha nyama kiitwacho luliki, naye hurudi nacho kwao akiimbiwa njia nzima. Sasa nakuuliza, mjomba wa mwanao ni nani? Ni kaka yako wa Machakos! Kama hajaambiwa lolote hadi leo, basi hao shemeji zako wanaoshikilia mila wameruka kituo kikubwa. Mpigie simu kaka yako. Akija kuzungumza na baba ya kijana kwa heshima, akasema mpwa wake apigwe sindano ya ganzi na atumiwe vifaa safi, hapo hakuna wa kusema kwamba ni maneno ya mwanamke mwoga.

Ukiongea na mume wako, usianze na ubaya wa mila zao. Hapo utakuwa umefunga mlango kabla hujabisha. Muulize anakumbuka nini cha siku zake. Wanaume wa huku wakianza kusimulia hayo, kisu hakichukui dakika mbili. Utasikia habari za maji ya mto yalivyokuwa baridi, nani alikesha naye, shangazi gani alilia. Utasikia pia kuhusu siku ya tatu, ngariba anaporudi na kumtoa kijana katika mwiko. Kabla ya hapo mwali hali kwa mikono yake, analishwa. Siku hiyo ananawishwa, na anaambiwa mbele ya wazee namna mtu mzima anavyoishi: chumba cha wazazi si chake tena kuingia ovyo, mali ya mtu haiguswi, na kazi haingojei kuamrishwa. Nimeona wavulana waliotahiriwa wodini kwetu, wakapewa vidonge vya maumivu, wakapanda matatu kurudi nyumbani. Kidonda kilipona vizuri. Lakini hakuna mzee aliyeketi nao hata nusu saa, na hilo liliniuma kila mara.

Mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja. Kwa Wakikuyu vijana wengi sasa hutahiriwa na wahudumu wa afya, na bado kila mmoja ana mutiiri, yaani mlezi wake wa kipindi hicho, na makanisa mengi huwaweka vijana pamoja kwa mafunzo wakati wanapona. Hata huko mzazi alale jicho moja wazi. Ziko nyumba za kupona ambazo zimegeuka mahali pa pombe, bangi na mapigo. Uliza walezi ni nani, majina yao, na nani analala na vijana usiku.

Nasisitiza ulezi kwa sababu ya yale yanayotokea Afrika Kusini. Nelson Mandela alitahiriwa mwaka 1934 akiwa na miaka 16, kando ya mto Mbashe, akatamka "Ndiyindoda!", mimi ni mwanamume, na akapewa jina la Dalibunga. Mila hiyo ya Waxhosa ina heshima kubwa hadi leo. Lakini katika jimbo la Eastern Cape vijana hufa karibu kila msimu, na wengi hawauawi na kisu chenyewe. Wananyimwa maji ya kunywa, wanafungwa bendeji ikabana mno, kidonda kinaoza huku mlinzi asiye na ujuzi akiwaambia wavumilie. Wengine hupona wakiwa wamepoteza uume. Mwaka 2014 madaktari wa Cape Town walimpandikizia uume kijana aliyeupoteza kwa njia hiyo. Mwaka 2021 nchi ile ilitunga sheria maalumu ya kusimamia makambi hayo.

Familia ikikataa katakata hospitali, omba mhudumu wa afya aje nyumbani. Zipo familia huku zinazofanya hivyo. Likishindikana hilo pia, usikubali kisu kimoja kupita kwa wavulana wawili. Kijana achanjwe pepopunda wiki kadhaa kabla. Na kama katika ukoo, wako au wa baba, yupo mwanamume ambaye akijikata damu haikatiki, mtoto apimwe kwanza. Hili la mwisho halina mjadala, hata mbele ya babu.

SWALI: Je, makabila yote duniani huwatahiri wavulana wanapobaleghe? – *Mwanafunzi, Mombasa*

JIBU: La. Wayahudi hutahiri mtoto siku ya 8, na utu uzima huja akifika miaka 13, anaposimama katika sinagogi kusoma Torati. Wahamar wa kusini mwa Ethiopia humtaka kijana akimbie juu ya migongo ya ng'ombe waliopangwa safu, bila kuanguka. Katika kisiwa cha Pentecost, nchini Vanuatu, wavulana na wanaume hujirusha kutoka kwenye mnara wa miti wakiwa wamefungwa kamba za mimea ya mwituni vifundoni. Wajaluo wa hapa kwetu waling'oa meno sita ya chini, desturi ambayo imekwisha.

SWALI: Mimi ni Mjaluo, miaka 27, nafanya kazi Kitale. Kimila sisi hatutahiri. Msimu wa tohara ukifika wenzangu kazini hunitisha kwamba watanikamata wanitahiri kwa nguvu. Nifanyeje? – *Odhis, Kitale*

JIBU: Mwanangu, anayemshika mtu mzima na kumkata kwa nguvu ametenda jinai, na kengele za msimu hazimpi ruhusa. Visa hivyo vimetokea hapa magharibi, na vinatutia aibu sisi wenye mila hii. Rika langu lilifundishwa kwamba kijana huomba mwenyewe. Kumburuta mtu barabarani ni kuivunja desturi hiyo. Mwambie msimamizi wako kwa maandishi, piga ripoti polisi na uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Suala la kutahiriwa ni lako peke yako. Utafiti uliofanywa Kisumu, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2007, na Kenya ikaanza mpango wake mwaka 2008, hasa Nyanza. Kondomu bado inahitajika. Ukiamua kwenda, nenda siku unayotaka wewe, mwezi ambao hakuna anayekuimbia. Usikutane na mwanamke kwa wiki 6, hata kama kidonda kinaonekana kimekauka. Damu ikiendelea kutoka usiku wa kwanza, rudi kituoni usiku huohuo.